Mama Fupi na Mfungo wa Waya

Wifi yangu ni mwanamke mrefu. Akisimama mlangoni, chumba kinaingia giza. Lakini uwanja mzima wa michezo unamwita Mama Fupi, na mgeni akiambiwa, "Nenda kwa Mama Fupi akufungulie," humpita palepale aliposimama, macho chini, akitafuta mtu wa kimo cha stuli.

Jina halikutoka kwenye kimo, lilitoka kwenye sala. Wifi ni dada wa mume wangu, na kazi yake ni kutunza vyumba vya kubadilishia nguo. Anafagia, anapiga deki, anazibua mabafu, na anawakemea wanaoacha soksi chini ya mabenchi kana kwamba soksi zitajipeleka nyumbani zenyewe. Alianza kazi hiyo alipofiwa na mume wake, akiwa bado amevaa nguo nyeusi, na wengi tulidhani hatamaliza mwezi. Mameneja wa uwanja wamekuja na kuondoka, yeye yupo. Mimi nauza chai kwenye kibanda nje ya geti la uwanja huohuo, kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona nikiwa na birika mkononi.

Zamani, kabla ya mashindano, aliyeitwa kuwaombea wanariadha alikuwa mchungaji wetu. Mtu mwema, namheshimu, na alinizikia mama yangu vizuri. Lakini mchungaji wetu akianza kuomba, anaanzia uumbaji. Vijana wamekwisha kupasha misuli moto, jasho linawatiririka, wamesimama kwenye duara wameinamisha vichwa, na yeye ndiyo kwanza anashukuru kwa ajili ya bahari na vyote vilivyomo. Siku moja aliomba mpaka jasho likawakaukia migongoni. Akawaombea viongozi, akawaombea wagonjwa, akawaombea waamuzi wasipotoshwe, halafu akarudi tena kwa viongozi kana kwamba mara ya kwanza hawakutosheka. Kijana wa mbio fupi alipotoka pale, filimbi ikalia, akapiga hatua chache, akashika paja, akaanguka analia. Misuli ilikuwa imepoa kama chai iliyosahauliwa.

Kocha hakusema kitu, kwa heshima. Ila mashindano yaliyofuata alimfuata wifi kwenye ndoo zake.

"Mama, wewe si huwa unaomba kanisani?"

"Naomba. Kwani vipi?"

"Waombee hawa vijana. Lakini tafadhali, mama yangu, wameshapata joto."

Wifi alifuta mikono kwenye aproni, akaweka fagio ukutani. "Baba, miguu umewapa wewe na pumzi umewapa wewe. Waondolee hofu. Wakishinda wasivimbe kichwa, wakishindwa wasijidharau. Amina. Haya tokeni, mnanikanyagia sakafu."

Basi. Vijana walitoka wakicheka, na mtu anayecheka mabega yake hayawi magumu. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Fupi, na hakuna aliyetaka kuombewa na mwingine. Mchungaji mwenyewe alipumua. Nadhani hata yeye alikuwa anachoka.

Desturi yake ni moja. Anapita benchi kwa benchi, anaweka mkono begani, anasema sentensi moja kwa kila mtu. Ushindi haombi. Ukimwomba akuombee ushinde, atakuuliza, "Na wale wa chumba cha pili ni watoto wa nani?" Kuna msichana wa kurusha tufe, mikono kama magogo, aliwahi kumwambia, "Mama, niombee nirushe mbali sana leo." Wifi akamtazama. "Mimi nitakuombea usimpige mtu." Chumba kizima kiliangua kicheko, na yule dada, nawaambia, alirusha vizuri kuliko siku zote.

Sasa nije kwa Waya.

Waya ni binti wa fundi wa kuchomelea mageti, na mama yake anaimba kwaya kanisani kwetu. Vijana walimpa jina hilo kwa kazi ya baba yake na kwa umbo lake mwenyewe, maana alizaliwa mwembamba, akakua mwembamba. Anakimbia zile mbio za mizunguko mingi ambazo mtazamaji anaweza kwenda kunywa chai, akarudi, akawakuta bado wanazunguka. Kila asubuhi baada ya mazoezi alikuja kibandani kwangu, anakunywa chai ya maziwa na mkate, anakula kimyakimya kama mtu anayefanya hesabu, kisha anaosha kikombe mwenyewe bila kuambiwa. Hilo la kuosha kikombe ndilo lililonifanya nimpende.

Mwaka huo yakaja mashindano ya kuchagua wasichana wa kambi ya riadha. Sita wa kwanza wangechukuliwa, wafundishwe mbio na wasomeshwe hukohuko. Kwa nyumba kama ya Waya, mlango wa namna hiyo haufunguki mara mbili. Na mtoto mwenyewe alijua, ndiyo maana akaanza kuogopa. Kwenye mbio za majaribio alitetemeka kwenye mstari, akatoka kasi kama mwizi, katikati pumzi ikamwisha. Alikuja kulia chumbani kwa wifi, kwenye kona ya mabafu, akidhani hasikiki.

Wifi hana binti. Ana watoto wawili wa kiume waliokwenda zao mbali na wanaopiga simu wakikumbuka. Yule mtoto alikuwa amemwingia moyoni. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama na urefu wake wote.

"Akina mama wenzangu, mwenzetu ana binti, na binti anaogopa. Naomba tumshike mkono. Kuanzia kesho mpaka siku ya mbio tufunge mpaka mchana, tumwombee Mungu ampe moyo."

Akina mama wakasema amina. Mimi nikainua mkono nikasema, "Nina vidonda vya tumbo. Mimi nitaomba nimeshiba." Wengine waliniangalia vibaya, lakini tumbo ni langu, wala sikuona sababu ya kuongopa nyumbani kwa Bwana.

Waya alikuwa amekaa karibu na mama yake. Niliona ameinama. Nikadhani ni haya ya msichana kutajwa mbele za watu.

Nitawaambia sasa hivi jambo ambalo sisi tulikuja kulijua baadaye, maana sipendi kumzungusha msomaji. Yule mtoto aliingiwa na aibu kubwa. Aliona haiwezekani wanawake wazima wakae na njaa kwa ajili yake, wengine wana watoto wachanga, wengine wanabeba mizigo sokoni, halafu yeye akae anatafuna mkate. Akaamua kufunga na yeye. Nyumbani akawa anasema, "Nitakula kule kwa shangazi wa chai." Uwanjani akawa anasema, "Nimekula nyumbani." Na mazoezi ya kocha yaliendelea vilevile, mizunguko, vilima, na mizunguko tena.

Hakuna aliyeona. Angekuwa mnene tungeona anapungua, lakini Waya apungue abaki nini?

Mimi niliona hanijii tena, na nikaelewa kwa akili yangu ya biashara. Kuna bwana mmoja alikuwa amefungua kibanda upande wa pili wa barabara, anakaanga mikate ya mafuta na kupiga redio. Nikasema, ahaa, mtoto amehamia kwa redio. Akipita ananisalimu, mimi namjibu kwa pua.

Kocha aliona mbio zake zinaharibika, na akaelewa kwa akili yake ya ukocha. Alikuja kibandani, akakaa, akazungusha kijiko kwenye chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Waya amekuwa mzito," akasema.

"Nani? Yule? Ukimpuliza si anaanguka?"

"Miguu, mama. Miguu imekuwa mizito. Ni hofu tu ile. Inamla mtoto."

"Basi mwambie Mama Fupi."

Nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu huu. Akaenda. Na wifi akaelewa kwa akili yake ya maombi: kama hofu haijatoka, basi hatujaomba vya kutosha. Ibada ya katikati ya wiki akasimama tena. "Akina mama, mambo ni magumu. Tusiishie mchana. Twende mpaka jioni."

Akina mama wakasema amina, ile amina ya mtu aliyekanyagwa kidole. Hamkuiona wiki ile ninyi. Muuza samaki, ambaye ni mcheshi kuliko wote, aligombana na mteja mpaka akamrudishia pesa zake, na samaki alikuwa amekwisha kumparua. Sauti za juu kwenye kwaya zilishuka zikakaa chini pamoja na sisi wengine. Mwanamke mmoja alisinzia kwenye mkutano wa maombi, akashtuka, akasema "nipe na pilipili," na wote wakajifanya hawakusikia.

Na Waya, aliposikia wameongeza mpaka jioni, naye akaongeza mpaka jioni.

Mnaona gurudumu lilivyozunguka? Anavyodhoofika, ndivyo sisi tunavyoongeza mfungo. Tunavyoongeza mfungo, ndivyo anavyodhoofika. Na kila siku wifi anamshika bega anamwambia, "Usiogope, mwanangu, Mungu yupo," na mtoto anajibu, "Ndiyo, mama," huku macho yanaona nyota.

Siku ya mashindano ikafika. Mbio zake zilipangwa alasiri, lakini Waya alikuja asubuhi na mapema, uwanja bado una umande. Mimi nilikuwa nimeingia chumbani kwa wifi kuchota maji, maana bomba langu la nje lilikuwa linatoa upepo mtupu. Wifi alikuwa amepiga magoti anamfunga mtoto namba kifuani kwa pini. Mara nikamwona anaacha namba, anashika bukta kiunoni.

"Hii mbona umeikunja na kuibana?"

"Inalegea, mama."

"Bukta mpya inalegea?"

"Mpira wake mbaya."

Wifi akamaliza pini, akasimama, akaweka mkono begani kwa yule mtoto kama desturi yake. "Baba, huyu ni wako..."

Na hapo tumbo likanguruma. Siwezi kuliita vinginevyo. Lilinguruma kama meza inayoburutwa kwenye sementi, kwenye chumba kile cha vigae ambacho hata tone la maji linasikika. Wifi alifumbua macho. Akanitazama mimi.

"Usiniangalie mimi," nikasema. "Mimi nimekunywa chai."

Akamgeukia Waya. "Umekula nini leo?"

"Sijaona njaa, mama."

"Sikukuuliza njaa. Umekula nini?"

Waya akainamia viatu vyake.

"Na jana mchana?"

Akashika pini ya namba, akaizungusha.

"Mtoto, tangu lini?"

Waya akaanza kulia bila sauti, machozi yanashuka tu kwenye namba. "Tangu ninyi mlipoanza," akasema. "Mimi nakula jioni tu, mkishafungua ninyi. Nimemwahidi Mungu mpaka nimalize mbio."

Wifi alitafuta mahali pa kukaa akakaa juu ya ndoo, na ndoo ilikuwa na maji. Hakuinuka. Akasema polepole, si kwangu wala si kwa mtoto, "Mimi nilikuwa nampiga mtoto kwa maombi."

"Acha kuomboleza," nikamwambia, "mtoto ale. Nina uji motoni." Nikamgeukia Waya. "Twende ukanywe."

"Hapana, shangazi."

"Hapana nini?"

"Nimeahidi."

Nikamfokea. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu ya watoto. Haikusaidia. Mtoto mwembamba yule, kumbe ndani ana chuma kama cha baba yake. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Nikila sasa halafu nikashindwa, nitakuwa nimewaangusha akina mama wote. Wamekaa na njaa kwa ajili yangu. Na nitakuwa nimemdanganya Mungu."

"Na ukidondoka njiani?"

"Atanishika."

Nilipiga ukuta kwa kiganja. Akilini nilimwona amelala kwenye ile njia nyekundu ya kukimbilia, watu wamemzunguka, na mama yake anapita katikati yao. Sikuona kitu kingine.

Wifi ndiye aliyetulia kwanza. Akainuka kwenye ndoo, sketi inachuruzika, akaja kukaa benchi moja na Waya, bega kwa bega.

"Unamkumbuka yule binti aliyekufa, Bwana akamshika mkono akamwinua kitandani?"

"Namkumbuka."

"Alipoinuka, watu wote wamepigwa butwaa, Bwana aliwaambia nini wazazi wake?"

Waya akafuta pua. "Wasimwambie mtu."

"Na la pili?"

Mtoto akafikiri. Mimi pia nilifikiri, na sikulipata, na kanisani nakaa benchi la mbele.

"Alisema apewe chakula," wifi akasema. "Basi, hilo tu. Ametoka kumrudisha kutoka kwa wafu, angeweza kumwambia afunge, angeweza kumwambia aimbe, amshukuru kwa siku saba. Alichokiona yeye ni mtoto mwenye njaa. Mimi nimepasoma pale mara nyingi, nikapita mbio kwa sababu niliona ni jambo dogo la jikoni. Leo naona haya." Akamshika kidevu. "Mfungo nilitangaza mimi, wewe hukutumwa. Sisi tulikuwa tunabeba njaa ili wewe ubebe miguu. Ukibeba njaa na wewe, miguu abebe nani?"

"Lakini akina mama..."

"Ngoja hapo."

Akatoka. Kwenye geti akina mama walikuwa wanaanza kufika na sare zao za kwaya, midomo imekauka, wamekuja kuimba wakiwa na sura za msibani. Wifi alisimama mbele yao na ile sketi iliyolowa nyuma, wala hakuzunguka.

"Mfungo umekwisha. Kuleni."

"Jioni bado," mmoja akasema.

"Kuleni sasa hivi. Mtoto alikuwa anafunga pamoja na sisi na hakutuambia. Anaona haya kula sisi tukiwa na njaa. Kama mnampenda, kuleni mbele ya macho yake."

Mamake Waya alishika kifua akakimbilia ndani. Waliobaki walitazamana. Muuza samaki ndiye aliyeitikia kwanza, na amina ile ilitoka tumboni, ilisikika mpaka upande wa pili kwa mwenye redio. "AMINA! Wapi mkate?"

Walinivamia. Mwenzenu nilikuwa namimina uji kwa mikono miwili, mkate unakatwa kwa vidole, ndizi zinaondoka na maganda karibu yaliwe, mwanamke mzima na heshima zake anamwambia mwenzake, "Sogea, umeshakula mbili." Yule wa pilipili alinywa vikombe mfululizo bila kupumua. Waya alitolewa chumbani mpaka getini, mama yake amemkumbatia, akasimama akaangalia. Walipomwona wakamwinulia vikombe, midomo imejaa. Mtoto alianza kucheka huku bado analia. Wifi akachukua kikombe kimoja, akanywa nusu yeye mwenyewe, akampa nusu iliyobaki.

Akanywa.

Nikajishikiza kwenye nguzo ya kibanda.

Mambo hayakuishia hapo, maana kocha alifika. Alipoambiwa, alivua kofia akaitupa chini.

"Nimemkimbiza vilima! Mtoto ana njaa, mimi namkimbiza vilima, namwambia achangamke!" Akazunguka kibanda mara moja, akarudi. "Leo hakimbii."

Waya akageuka kama aliyechapwa. "Kocha!"

"Hukimbii. Kambi itakuja tena, wewe huji tena."

Ilibidi aitwe muuguzi wa uwanjani, mama mmoja mpole anayekaa na sanduku la huduma ya kwanza. Alimlaza Waya kwenye benchi, akampima presha, akamtoboa kidole, akamwuliza maswali yake taratibu. Usiku alikuwa anakula? Alikuwa anakula. Maji alikuwa anakunywa? Alikuwa anakunywa. Aliwahi kuzimia? Hapana, kizunguzungu tu. Sisi tumesimama mlangoni kama watoto wanaosubiri matokeo.

"Huyu haumwi," muuguzi akasema mwishowe. "Huyu ana njaa. Mpeni kidogokidogo, msimjaze. Anywe, alale. Nitampima tena kabla ya mbio, nikiona hafai nitasema, na nikisema sitaki ubishi wa kanisa."

"Hutaupata," akasema wifi.

Alilala kwenye benchi la chumba cha kubadilishia, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Kila alipofumbua jicho wifi alikuwa hapo na kipande cha ndizi au chai yenye sukari nyingi. Mpaka alasiri mashavu yalikuwa yamerudi kuwa mashavu. Muuguzi akampima, akaguna, akampima tena. "Akimbie. Lakini akiona giza, atoke."

Wengine walikuwa wanapasha misuli. Wifi alipita benchi kwa benchi kama kawaida yake, mkono begani, sentensi moja, mkono begani, sentensi moja. Alipofika kwa Waya hakufumba macho. Alimtazama usoni.

"Nisikilize. Ukiona giza, toka. Kutoka njiani si kumwangusha Mungu, wala si kutuangusha sisi. Mungu hakupendi kwa sababu ya miguu. Alikupenda kabla hujajua kutambaa. Sasa nenda kakimbie kama mtu asiyedaiwa."

Mtoto akavuta pumzi ndefu. Niliona mabega yanashuka, yale mabega yaliyokaa karibu na masikio tangu Jumapili ya tangazo. Akainuka akaenda.

Hakutoka kasi. Wenzake walipochomoka, yeye alibaki nyuma, anakimbia taratibu na uso umetulia. Akina mama waliimba, na nawaambia, kwaya iliyokula ni kitu kingine, sauti za juu zilikuwa zimerudi zote. Wifi hakuweza kutazama. Alisimama ametazama ukuta wa vyoo, ameshika mpini wa deki kwa mikono miwili.

"Yuko wima?" akaniuliza.

"Yuko wa mwisho kasoro wawili."

"Nimekuuliza yuko wima?"

"Yuko wima, wifi."

Mizunguko ikaendelea. Jua lilikuwa kali. Msichana mmoja aliyetoka kasi alianza kuyumba, Waya akampita. Akampita mwingine. Kocha hakupiga kelele hata moja, alikuwa anatembea kandokando ya njia huku midomo inacheza, na yule mtu sijawahi kumwona kanisani.

"Yuko wima?"

"Wima. Amekuwa wa nane."

"Sitaki namba."

Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka kwenye meno. Waya alirefusha hatua, si sana, kama mtu anayewahi nyumbani kabla ya mvua. Akawa wa saba. Pale mbele yake alikuwa na msichana mrefu wa nywele za kusuka ambaye naye alikuwa amechoka, na wote wawili wakaingia upande wa mwisho wakiwa sambamba, na mimi nikapiga kelele kitu ambacho hakikuwa neno. Wakavuka. Sikujua ni nani aliyetangulia. Hata waamuzi waliinamiana kwanza.

Wifi alikuwa amekwisha kuachia deki. Sijawahi kumwona akikimbia tangu nimjue, lakini alikimbia siku ile, mrefu vile, sketi imeshikwa juu ya magoti, akapita waamuzi, akapita kamba, akapita mtu aliyemwambia, "Mama, hairuhusiwi." Waya alikuwa amelala chali kwenye majani, mikono imetanda. Wifi akapiga magoti, akamshika uso.

"Unaniona? Mwanangu, unaniona?"

"Nakuona, mama."

"Unaona giza?"

"Hapana. Unanizibia jua."

Tukafika na sisi wengine tunahema, mama yake, kocha, muuguzi na sanduku lake. Kipaza sauti kikaanza kusoma majina kuanzia wa kwanza, na kilipofika wa sita kikataja jina la Waya, lile la cheti cha kuzaliwa ambalo hakuna aliyelizoea, ikabidi mama yake ndiye atuambie ni la nani. Kocha alikaa chini kwenye majani akaficha uso kwenye kofia. Muuza samaki alianza kuruka. Wifi hakuonekana kama amesikia. Alikuwa bado amemshika yule mtoto mashavu, anamgeuza huku na huku kama anayekagua tunda sokoni.

"Sema kitu," akamwambia. "Unasikiaje?"

Waya akatutazama mmoja mmoja, akamtazama wifi, na akasema kwa sauti, bila haya, mbele za watu wote, "Mama, nina njaa."

Wifi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye majani, akacheka mpaka machozi yakamtoka na muuguzi akaanza kumwangalia yeye badala ya mtoto. Mimi niliwaacha hapo. Sufuria zote zilikuwa tupu na moto ulikuwa umezimika, na kulikuwa na mtu anataka kula.